Tumbo la Kochi

Mjomba wangu ni fundi wa makochi ambaye hajawahi kumwambia mteja "njoo kesho". Naanza na hilo, maana bila hilo hamtaelewa kwa nini tulikaribia kupigana, mimi na yeye, damu moja, kwa ajili ya mbwa.

Wewe unamjua fundi gani asiyesema njoo kesho? Fundi nguo anasema. Fundi saa anasema, na saa zimejaa ukutani kwake zinamtazama. Mjomba hapana. Akisema Ijumaa, Ijumaa kochi liko mlangoni kwako na yeye yuko pembeni anafuta jasho. Mtaa mzima wanamwita Fundi Leo. Jina lenyewe kaliandika juu ya mlango kwa rangi nyekundu, herufi kubwa mpaka ya mwisho imekosa nafasi ikapanda juu ya nyingine.

Mimi wananiita Kiroboto, kwa sababu siwezi kukaa. Natengeneza viti vya watu kukalia, mwenyewe nakula nimesimama. Shule niliiacha mapema. Niliiacha mimi, haikuniacha yenyewe, watu wanapenda kugeuza hapo. Unaambiwa kaa, kaa, kaa, mpaka unahisi umeota mizizi. Mjomba akamwambia mama, "Dada, nipe huyo. Kwangu kazi ni ya kusimama."

Karakana yetu ni chumba kimoja kirefu chenye mlango wa bati. Mbele, kwenye mwanga, kuna cherehani ya dada anayetushonea vitambaa. Nyuma kuna marundo ya sponji mpaka darini. Katikati ni makochi, mengine yamepinduliwa miguu juu kama mende aliyepigwa dawa.

Na tuna sheria mbili, zote kazitunga Mjomba.

Ya kwanza: kochi kuukuu likiletwa kufumuliwa, kinachotoka ndani ni cha aliyepasua. Vifungo, vijiko, kalamu, hereni isiyo na mwenzake. Dada wa cherehani aliwahi kupasua akakutana na meno ya bandia. Akayaweka dirishani yakawa yanatucheka wiki nzima, mpaka mzee mmoja akaingia, akayaomba kwa adabu, akayavaa palepale, akatoka. Dada alimpa kwa huruma tu. Kisheria yalikuwa yake.

Ya pili: tumbo halifungwi mpaka mteja aone. Mafundi wengi chini ya kochi wanabandika kitambaa chepesi kama chandarua, ili usione walivyounga mbao mbovu. Mjomba anaweka turubai. Analikaza, analipiga stepla pande zote, halafu kona moja anaiacha wazi. Kochi linakaa juu ya vitako vya mbao, usawa wa goti, na mteja akija anainama anachungulia: springi hizi, mikanda hii, mbao hii. Akiridhika, Mjomba anapiga stepla za mwisho mbele ya macho yake. "Mtu anayekuficha tumbo lake," huwa anasema, "jua kameza kitu chako."

Sasa Foronya. Mwaka jana lililetwa kochi lililokuwa limetupwa ghalani. Nikalipasua chini, kikadondoka kitoto cha mbwa, jike, cheupe cha uchafu, ngozi imelegea kama foronya isiyo na mto. Mjomba akaruka.

"Toa nje hicho!"

"Mjomba, kapasua nani?"

Akanitazama. Akatazama kisu mkononi mwangu. Akarudi kwenye kazi yake akinung'unika. Sheria ni sheria.

Basi Foronya akawa wangu. Watu wa chanjo walipopita mtaani nilimpeleka mwenyewe, nimemfunga kwa utepe wa kushonea mito, akadungwa, akavishwa kibati cha njano shingoni. Akakua. Akapata akili ya kulala kwenye vipande vya sponji na kutogusa vizima. Halafu mwaka huu akapata mimba.

Baba wa mimba tulimjua. Ng'ambo ya barabara yupo fundi wa kuchomelea vyuma, tunamwita Cheche, na ana dume lake lenye mabaka. Kila asubuhi nikawa namwambia, "Mkwe, mahari lini?"

"Mbwa wangu ana adabu," anajibu. "Muulizeni binti yenu anakopita jioni."

Dada wa cherehani anadakia bila kuinua macho, "Adabu gani, baba? Mtoto wa mabaka atatutajia mwenyewe."

Tukawa tunacheka. Lakini kicheko kikaisha, maana Foronya akaanza kukataa chakula. Akawa anatembea amekakamaa, kama mtu anayekanyaga bati la moto. Analala, anainuka, anahema, anazunguka. Nikamwambia Mjomba.

"Mimba hiyo," akasema. "Mama yako na mimba yako alikuwa anakula chaki. Ndiyo maana wewe na shule hamkuelewana, uliingia darasani umeshashiba."

"Mjomba, anatetemeka."

"Na mimi nitatetemeka kochi la Mama Mkwe lisipoisha. Shika kitambaa hapo."

Mama Mkwe ni mteja. Jina tulimpa sisi, kwa sababu tangu alete makochi yake hajaongea kitu kingine: wakwe zangu wanakuja, wakwe zangu wasione hivi, wakwe zangu wakae hapa. Wazazi wa kijana anayemtaka bintiye walikuwa wanakuja nyumbani kwa mara ya kwanza. Kochi kubwa moja na viti viwili vya pembeni, mahameli ya bluu, kitu ambacho ukipitisha mkono kinabadilika rangi. Mjomba alikuwa amesema Jumamosi mchana. Jumamosi asubuhi kazi ilikuwa imekwisha, imebaki ile kona moja tu ya turubai.

Asubuhi hiyo Foronya hakuwepo mahali pake.

Nikamtafuta nyuma ya sponji, chini ya meza, uani. Nikavuka kwa Cheche. Hakuna. Niliporudi nikamkuta Mjomba amesimama katikati ya karakana, kichwa kimeinama upande mmoja, mkono juu.

"Dada," akasema, "hebu simamisha cherehani."

"Imesimama toka saa ile, natia uzi."

"Basi mbona kochi linatetemeka?"

Kweli. Kochi la Mama Mkwe lilikuwa linatetemeka. Kidogo tu, lakini mahameli ilikuwa inacheza rangi, bluu nyepesi, bluu nzito, na ndani springi zinalia chii, chii. Dada akasogeza kiti chake mlangoni. "Mimi sina ugomvi na mashetani ya mtu," akasema. "Nina watoto nyumbani."

Nikajua. Nikalala chini, nikajisukuma mpaka kwenye ile kona iliyoachwa wazi, nikaingiza mkono. Nikagusa mguu mgumu kama mguu wa kiti. Halafu tumbo, la moto, limejaa. Alikuwa ameingia humo kutafuta pa kuzalia, amelala ndani ya turubai kama mtoto kwenye mbeleko, na mwili mzima unapiga tetete.

"Ni Foronya. Kochi lina mimba, Mjomba."

Hakucheka. Akapiga magoti, akachungulia na tochi, na mwanga ukampata Foronya usoni. Macho yametoka, ulimi nje, udenda mweupe unachuruzika.

Mjomba akaruka nyuma akagonga meza. "Kichaa! Mbwa ana kichaa! Kiroboto, toa mkono huo!"

Neno hilo halihitaji kipaza sauti. Kabla hajalimaliza Cheche alikuwa amefika na nondo, na nyuma yake nusu ya mtaa, ambao hawana nondo ila wana midomo.

"Wapi?"

"Ndani ya kochi."

"Mtoeni nimalize. Dakika moja tu."

Mimi nilikuwa bado chini, mgongo sakafuni, mkono umeingia ndani ya tumbo la kochi. Sikutoka. Nilijisukuma zaidi, nikawa nimelala chini ya turubai lote, yeye juu yangu, joto lake linanifika usoni.

"Kiroboto, toka hapo," Cheche akasema.

"Sitoki."

"Huyo anauma."

"Angeuma angekuwa ameshaniuma, mkono wangu uko mdomoni kwake hapa. Amechanjwa, kibati anacho shingoni. Huyu anaumwa, na anataka kuzaa. Na wewe hao wa humu ndani ni wajukuu zako, unakuja kuwasalimia na nondo?"

Mlangoni mtu akacheka. Cheche akachukia. "Ng'ombe wa masikini hazai, dogo. Ndivyo ilivyo. Usiwe mbishi."

"Huyu si ng'ombe, na masikini ni wewe. Piga basi. Anza na mimi, maana kwake hufiki bila kupita kwangu."

Akainua nondo, sijui kwa kunitisha au vipi, na hapo Mjomba akapiga kelele ambayo sijawahi kuisikia. "Cheche! Mahameli hiyo! Ukiikwaruza nitakuchomelea mwenyewe!"

Nondo ikashuka. Sema unavyotaka kuhusu wakwe wa Mama Mkwe, lakini kochi lao siku hiyo lilitufunika wawili.

Dada wa cherehani ndiye aliyekumbuka kutumia akili. Yeye anafuga kuku, na anayo namba ya daktari wa mifugo. Akampigia palepale, akaeleza, akasikiliza, akasema, "Anasema msimguse mdomoni, na wewe Kiroboto utoe mkono huo haraka, ni ushamba. Wengine mtoke mumpe hewa. Anakuja."

Nikautoa mdomoni. Nikauweka tumboni. Humo ndani kitu kikanipiga teke dogo.

Watu wakatoka mpaka barabarani. Tukabaki watatu, na yule mgonjwa. Mjomba akaanza kutembea, miguu yake naiona kutoka chini, inakwenda mlangoni, inarudi. Mchana ulikuwa unakuja na Mama Mkwe wake.

"Mpwa wangu," akasema, kwa sauti ya chini, ile mbaya. "Sikatai daktari. Tumvute tu kwa kona, tumweke uani kwenye kivuli, daktari amkute huko. Mimi nifunge kochi."

"Amekakamaa. Tundu lile haliwezi kumpitisha bila kumkunja. Tukimkunja tunawaua."

"Unajua wewe? Umekuwa daktari?"

"Sijui. Ndiyo maana tunamsubiri anayejua."

"Nimefanya kazi hii kabla hujazaliwa. Sijawahi kumrudisha mteja. Sijawahi! Jina liko pale juu ya mlango, limesomwa mpaka na watoto. Leo nilivunje kwa ajili ya mbwa?"

"Jina lako ulilijenga wewe, Mjomba, halitakufa kwa siku moja. Huyu atakufa."

"Nilikuchukua mimi wakati kila mtu anasema huyu mtoto hafai."

"Na nimekuwa nafaa kila siku. Leo sifai. Nifukuze. Lakini ukinifukuza nitabaki hapahapa chini, utanifukuza mpaka jioni."

Miguu ikasimama. Dada akajifanya anatafuta sindano. Kwa kweli niliogopa. Mjomba ni baba yangu kuliko baba yangu. Lakini lile tumbo lilikuwa linatetemeka chini ya mkono wangu, nami nilijua kabisa nikitoka hapo, hata kwa kwenda kunywa maji, sitalikuta.

Pikipiki ikanguruma mlangoni. Daktari wa mifugo alikuwa mwanamke mfupi mwenye buti za mpira na begi mgongoni, siti ya pikipiki yake imechanika mpaka sponji linaning'inia. Hakusalimia mtu. Akalala chini kando yangu kama vile tunalala hivyo kila siku, akawasha tochi.

"Amechanjwa?"

"Mwaka jana. Kibati hicho."

"Amewahi kung'atwa na mbwa mgeni? Amepotea siku mbili tatu?"

"Hapana. Hulala hapahapa."

"Maji anakunywa?"

"Jana alikunywa."

Akavaa glavu, akaingiza mkono, akagusa fizi, akagusa tumbo, akapima joto. Halafu akaongea na Mjomba akiwa palepale sakafuni.

"Hiki si kichaa, mzee. Mwili wake umeishiwa kalsiamu. Watoto wanajenga mifupa, wanachota kwa mama, mama anakauka. Misuli inakaza, inatetemeka. Ng'ombe wa maziwa huwa hivi sana. Mbwa mara nyingi humpata akishazaa, huyu imempata mapema. Na uzazi nao ni msuli, sasa hauna nguvu ya kusukuma. Wamekwama humo."

"Atapona?"

"Nikimpa dawa kwenye mshipa sasa hivi, naweza kumpata. Lakini nataka mguu wa mbele umenyooka na nataka kusikia moyo wake. Kwa tundu hili siwezi. Na msimvute. Mtamvunja." Akalipiga turubai kwa kidole, likalia kama ngoma. "Hiki kikatwe."

Nikanyoosha mkono nje. "Dada, nipe kisu."

Kisu hakikuja. Nikasikia droo ya Mjomba, ile anayoifunga kwa ufunguo, ikafunguliwa. Akapiga magoti. Mkononi alikuwa na kile kisu chake chembamba ambacho mimi sijawahi kuruhusiwa hata kukifuta.

"Wewe utakata springi, utakata mbwa, ukate na pua yako mwenyewe," akasema. "Turubai langu nakata mimi. Dada, leta sponji nene, msukumie huyo. Kiroboto, mpokee. Ukimwangusha nakuua kweli."

Akaweka mkono wa kushoto juu ya lile tumbo la turubai, akilipapasa kujua mbwa ameishia wapi. Mkono ukasimama. Nilimwona usoni. Nadhani na yeye alipigwa teke.

Halafu kisu kikapita juu ya pua yangu, polepole, mstari mmoja ulionyooka kutoka mbao mpaka mbao, turubai likifunguka kana kwamba lilikuwa linataka. Foronya akashuka kifuani kwangu na sponji lake, mgumu, mzito, ananuka homa. Tukamtelezesha nje.

Daktari alinyoa mguu, akapata mshipa, akafunga mpira wa dripu. Akanipa chupa. "Inua juu. Usitikisike."

Mimi! Walimu walishindwa miaka. Nikainua mkono nikasimama kama mlingoti, na sikutikisika.

Dawa ikawa inaingia tone, tone. Yeye ameweka kifaa chake kifuani kwa Foronya, anasikiliza, anapunguza, anasikiliza.

"Ongeza kidogo, daktari," Mjomba akasema, jicho mlangoni. "Mteja anakuja."

"Nikiharakisha moyo unasimama. Dawa hii haina leo leo, mzee."

Dada akakohoa kicheko. Na hapohapo gari likasimama nje, na Mama Mkwe akaingia, nguo imepigwa pasi mpaka inaogopa kujikunja, dereva nyuma yake na kamba za kufungia mzigo.

"Fundi Leo! Nimekuja na gari ka..." Akaona. Kochi lake bluu limechanwa tumbo. Chini yake mbwa, mwanamke wa buti za mpira, na mimi na chupa. "Hiki nini?"

Mjomba akasimama. Akafuta mikono kwenye suruali. Akafungua mdomo, nikaona midomo yake inatafuta neno ambalo haijawahi kulibeba.

"Mama, njoo ke..." Likakwama. Akalisukuma. "Njoo kesho."

Mama Mkwe akamsogelea hatua moja.

"Mimi? Wewe, Fundi Leo, unaniambia mimi kesho?"

"Wewe, mama."

"Kwa ajili ya mbwa?"

"Kwa ajili ya mzazi."

"Na wakwe zangu wakae wapi?"

Nilidhani atabembeleza. Mjomba ni mtu wa kubembeleza wateja, sauti inakuwa asali. Lakini alikuwa ameshalitema neno lenyewe, na nadhani mtu akishalitema hilo hana tena cha kuogopa. Akanyoosha mgongo.

"Wakae kwenye viti. Mkwe anayeondoka kwa sababu ya kochi, heri aondoke mapema kabla hajala."

"Nitakutangaza! Mtaa mzima wajue!"

"Tangaza. Waambie nilichana turubai langu kwa kisu changu, na kesho nitaweka jingine. Lakini usiondoke bila haki yako. Mteja lazima aone tumbo." Akamwonyesha chini. "Tumbo la kochi lako ndilo hilo."

Mama Mkwe alitaka kujibu. Macho yake yakashuka. Foronya alikuwa ameacha kutetemeka. Sikuona ni saa ngapi, nilikuwa natazama chupa. Miguu ilikuwa imelegea, kichwa kimelala, anahema kama mbwa na si kama mashine. Halafu ubavu ukajikaza, mara moja, kwa nguvu, akaguna.

"Anasukuma," daktari akasema. "Huyo."

Wa kwanza akatoka kwenye kipande cha sponji, amefungwa kwenye mfuko wake kama zawadi, mweupe na mabaka meusi mgongoni. Dada akampokea na chenga za mahameli ya bluu, vile vipande vilivyobaki, akamsugua mpaka akalia.

"Mabaka!" Dada akapiga kelele kuelekea barabarani. "Cheche! Adabu ya mbwa wako imefika!"

Mama Mkwe alisimama mpaka wa pili. Hakusema pole, hakusema hongera. Alikunja kidogo pindo la nguo yake, akazunguka dripu kwa uangalifu, akamwambia dereva, "Beba hivi viti viwili. Nitawaambia kubwa liko njiani." Mlangoni akageuka. "Na kesho nataka kuliona tumbo, fundi. Likiwa tupu."

Wa tatu alitoka kimya. Dada alimsugua, daktari akampulizia, tukangoja. Hakuamka. Foronya alimlamba muda mrefu, tukamwacha amlambe. Uchungu wa mwana aujuaye mzazi, hata akiwa wa miguu minne. Halafu wakaja wengine, wakalia wote, na kila aliyelia Mjomba alikuwa anasema "haya" kwa sauti ndogo, kama anayehesabu stepla.

Daktari alipofunga begi aliacha vidonge, akatueleza chakula gani apewe akiwa ananyonyesha, na dalili zikirudi tumwite bila kungoja. Mjomba akauliza kuhusu malipo. Yeye akaitazama pikipiki yake. "Nishonee siti. Lakini nasikia siku hizi unasema kesho."

"Kaa chini," Mjomba akasema. "Siti naishona sasa hivi."

Na akaishona. Mimi nikakaa sakafuni karibu na Foronya, nimekaa kabisa, matako chini, mpaka Dada akaniuliza kama naumwa.

Jioni, Mjomba akiwa anakata turubai jipya, nikamkumbusha.

"Mjomba. Kinachotoka kwenye kochi ni cha nani?"

"Cha aliyepasua."

"Leo kapasua nani?"

Mkasi ukasimama. Akanitazama, akawatazama wale wadogo wamejipanga kwenye matiti kama vifungo kwenye mto. "Sheria hiyo ni ya makochi makuukuu," akasema.

"Hukuandika hivyo. Mama ni wangu, watoto ni wako. Uliitunga mwenyewe, ifuate mwenyewe."

"Mpumbavu wewe," akasema, lakini alishaweka mkasi chini. Akachuchumaa, akamchukua yule wa mabaka, akamweka kwenye kiganja, akampima uzito kama anavyopima sponji.

Ndipo Cheche akaingia. Hana nondo. Amenawa mikono, amechana na nywele.

"Wazee, asubuhi ile mambo yalikuwa... mnajua. Yaishe." Akasogea. "Nimekuja kuwaona wajukuu. Na huyo wa mabaka, naona amenifanana. Nitamchukua akishaacha ziwa."

Nikamnyooshea Mjomba kidole. "Muulize mwenyewe."

Mjomba hakuinua macho. Alikuwa anamfunika yule mtoto kwa chenga ya mahameli, taratibu, kona kwa kona.

"Njoo kesho," akasema.